Mpaka wa Mashariki: Mto

Mashine yangu ina ugonjwa wa herufi moja.
Nikiigonga h, kijiti kinajikunja njiani, hakifiki kwenye utepe,
na kwa hiyo, mwaka wa tatu sasa, hapa barazani mkabala na mahakama,
watu wanampelekea hakimu madai ya aki.
Karani aliwahi kunijia: Huyu Aki ni nani,
mbona mji mzima unamtafuta?

Leo asubuhi amekaa mbele yangu Nambua Mfinanga,
kutoka mabondeni kule Kahe,
hati yake ndani ya mfuko wa sukari,
imekunjwa mara nne, imelowa mara moja,
ikaanikwa juu ya banda la kuku.
Muhuri wa kijiji. Saini ya mwenyekiti aliyekwisha kufa.
Naisoma kwa sauti, ndivyo kazi ilivyo:
Kaskazini, mfereji. Kusini, shamba la Elirehema.
Magharibi, njia ya ng'ombe.
Mashariki, mto.

Hapo ndipo alipocheka.

Mto, akasema, si jirani wa kumwandikia mpaka.
Masika ya mwaka juzi uliacha njia yake usiku,
ukapita kati ya migomba na jiko langu,
ukachukua choo, mbuzi wawili, kaburi la mama mkwe,
ukaenda kulala kwenye njia ya ng'ombe.
Mimi nililala huku, nikaamka ng'ambo,
na sijui kuogelea.

Kijiji cha ng'ambo kikamwambia: Daftarini humu humo.
Kijiji chake kikamwambia: Msaada ni wa wakazi.
Sasa amepanga chumba Pasua, mlango unafungwa kwa waya.

Aliyekimbia risasi ana jina lake katika sheria.
Aliyekimbia maji
anaitwa mhanga siku saba,
magodoro yakigawiwa, picha zikipigwa;
siku ya nane anaitwa mvamizi.
Haya si maneno ya Nambua, ni yangu,
nimeyapiga chapa mara nyingi mno kwenye barua za watu
mpaka vidole vinayajua bila mimi.

Tukafika kwenye nafasi ya mdaiwa.
Mama, nikamwambia, mto haushitakiwi.
Mto nimeusamehe, akasema. Mto ulijazwa tu.
Ulijazwa na nani?
Akainua uso, nikadhani anamtafuta Mungu,
kumbe anaitazama Kibo, imechungulia kwenye mawingu,
theluji yake kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye jiwe.
Nilipoolewa, akasema, mlima ule ulijifunika shuka mpaka magotini.
Kuna mtu kaivuta. Mwandike huyo.
Hatumjui jina, Mama.
Akanitazama kama mtoto aliyepeleka mbuzi kwenye mahindi.
Tumekaa Moshi, wewe na mimi,
na bado unaniuliza moto uko wapi?

Nikapiga nukta. Nukta mstari mzima,
nafasi ya jina ambalo bado halijafika mjini.
Jumatatu karani atairudisha, najua;
aliirudisha ya mzee Mkwizu,
aliirudisha ya wale ndugu wawili wa Arusha Chini,
walioandika kwamba mdaiwa ni Joto.

Nikachukua kalamu niziongeze h zilizokosekana, moja moja.
Akanishika mkono.
Hicho unachochora ni nini?
Ni h.
Ni kiti, akasema. Kina mgongo, kina miguu.
Kusoma sijui. Kiti nakiweza.

Nikamwachia.
Akachora viti ukurasa mzima, ulimi pembeni ya mdomo,
vingine vimelala chali, kimoja mguu mfupi,
mbele ya ama, mbele ya ati, mbele ya akimu,
na nilipomwonyesha aki
akakichora kikubwa, kipana chini,
akakipuliza kikauke,
kisha akafungua kanga pembeni, pale penye fundo,
akaniuliza ni shilingi ngapi.